Jinsi ya kuisoma saa ya mfukoni ya Waltham kabla hujainunua

Watu hunitumia picha za saa za mfukoni, na karibu kila mara picha inaonyesha kasha: dhahabu inavyong'aa, maua yaliyochorwa mgongoni, herufi za jina la marehemu babu wa mtu. Kisha linafuata swali: "Fundi, hii ni ya mwaka gani, na ina thamani gani?" Jibu langu ni lile lile. Fungua mgongo, piga picha ya mashine, na namba iliyochorwa juu yake isomeke. Bila namba hiyo mimi sina la kusema, na anayekuuzia naye hana.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu Mombasa, kwenye meza yake ya kioo mbele ya duka la vitambaa. Sasa naishi Waltham, Massachusetts, mji ule ule zilikotengenezwa saa hizi. Jirani zangu wengi ni Waganda, na wakishajua kwamba ninatengeneza saa huniletea zile walizookota kwenye minada ya vitu vya zamani. Majengo ya kiwanda bado yapo kando ya mto Charles, matofali mekundu kwenye mtaa wa Crescent, ingawa leo ndani mna ofisi na nyumba za kupanga. Naandika haya kwa sababu saa hizi ni nyingi mno, zaidi ya milioni 30 zilitoka hapa kabla kazi haijakoma mwaka 1957, na kila siku zinauzwa mtandaoni. Anayejua kuzisoma anaweza kupata saa yenye umri wa miaka mia na ushee ambayo bado inatembea barabara. Asiyejua analipia kasha.

Kasha na mashine havikuzaliwa pamoja

Kwa muda mrefu wa uhai wake, kiwanda cha Waltham kiliuza mashine peke yake. Makasha mengi yalitoka kwa makampuni mengine. Sonara aliweka mashine upande mmoja wa kabati na makasha upande wa pili; mteja alichagua hii na lile, vikaunganishwa pale pale dukani. Hilo liliwezekana kwa kuwa viwanda vya Marekani vilikubaliana juu ya vipimo. Ukubwa wa 0 una kipenyo cha inchi moja na 5/30 kwenye sahani iliyo chini ya uso wa saa, na kila namba inayoongezeka huongeza 1/30 ya inchi. Kwa hesabu hiyo saa ya ukubwa wa 18 ni karibu milimita 44.9, na ya ukubwa wa 16 ni milimita 43.2. Hizo mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi. Nyingine za kawaida ni 12, 6 na 0, ambazo nyingi zilikuwa za kike au za kuvalia suti.

Basi namba iliyogongwa ndani ya mfuniko wa kasha ni ya kasha, haikuhusu. Ukiona maandishi ya dhamana ya miaka 20 au 25, hiyo ni dhamana ya tabaka la dhahabu iliyovikwa juu ya madini mengine. Hakuna aliyeahidi kwamba saa itatembea miaka hiyo, na dhahabu tupu haikuhitaji kuandikiwa miaka.

Saa zilizopitia Uingereza zina alama yake. Utakuta kasha la fedha lenye nanga ndogo, ambayo ni alama ya upimaji wa Birmingham, na herufi A.L.D. Wengi wakiona nanga husema saa ni ya Kiingereza. Herufi hizo ni za Aaron Lufkin Dennison, Mmarekani aliyezaliwa Maine mwaka 1812, mtu yule yule aliyeanzisha kazi ya Waltham, akaja kuachana nayo, akahamia Uingereza na kuanza kutengeneza makasha. Ndani ya nanga ile mara nyingi kuna mashine ya Massachusetts. Mara nyingine kuna ya Uswisi. Hutajua mpaka ufungue.

Kuifungua bila kuiumiza

Ishike saa kiganjani, mgongo juu, na kagua ukingo wake kwa lenzi. Kama kuna bawaba, tafuta upande wa pili kijimdomo kidogo cha kuingiza ukucha au kisu butu, kisha uinue taratibu. Kama hakuna bawaba wala kijimdomo, mgongo umefungwa kwa skrubu: weka kipande cha mpira kiganjani, bonyeza, zungusha kinyume na mwendo wa akrabu. Kisu hakihitajiki hapo kabisa. Kila mkwaruzo unaouona ukingoni mwa makasha haya umeachwa na mtu aliyelazimisha. Kuna makasha mengine ambayo mgongo haufunguki. Unaondoa fremu ya kioo mbele, na mashine nzima inainuka kwa bawaba kama mlango.

Usivute kitufe cha juu kwa nguvu. Saa nyingi za reli hazibadilishwi majira kwa kuvuta kitufe. Unazungusha fremu ya kioo uitoe, na pembeni mwa uso, karibu na 1 au 2, utaona kijiulimi cha chuma. Ukikivuta nje ndipo kitufe kitageuza akrabu. Mpango huo ulikuwa na sababu: dereva wa treni anayejaza saa yake asije akasogeza dakika bila kujua. Baada ya treni mbili kugongana Kipton, Ohio, mwezi Aprili 1891, sonara wa Cleveland, Webb C. Ball, alipewa kazi ya kusimamia saa za wafanyakazi wa reli. Masharti ya saa za reli yakazidi kukazwa: uso usio na mfuniko, ukubwa wa 16 au 18, vito (vijiwe vigumu ambamo ncha za magurudumu huzunguka) visivyopungua 17, na isikose zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Kijiulimi kile kilikuwa katika masharti hayo.

Namba

Sasa mashine iko wazi. Tafuta namba kwenye bati la juu. Kwa Waltham hesabu ilianza 1001 mwanzoni mwa miaka ya 1850, ikafika milioni moja takriban mwaka 1877, milioni kumi takriban mwaka 1901, na milioni ishirini takriban mwaka 1915. Kwa kukisia harakaharaka hiyo inatosha. Ukitaka undani, orodha za kiwanda zimewekwa mtandaoni. Ukiingiza namba utaletewa modeli, daraja, idadi ya vito na kundi la saa zilizotengenezwa pamoja na yako.

Naomba ukae na mimi kidogo kwenye namba hii, kwa kuwa mafundi wengi wanaichukulia kama cheti cha kuzaliwa tu, na kazi yake ni kubwa kuliko hiyo.

Kabla ya Waltham, saa ya Kiingereza ilipita mikono mingi kabla ya kukamilika. Mashine ghafi ilitoka Prescot kule Lancashire, ikaenda Coventry au Clerkenwell, London, kila hatua kwa fundi wake na tupa yake. Kila kipande kilikatwa kikubaliane na jirani yake katika saa ile moja. Nimeshazifungua: ukichanganya skrubu mbili zinazofanana kwa macho, moja itagoma. Saa ile iliumbwa kwa mkono, na ikivunjika inamtaka mtu wa kukiumba tena kipande hicho kwa mkono.

Dennison alikuwa fundi wa saa Boston, na ugumu huu aliuona kila siku mezani. Kule Springfield, Massachusetts, ghala la silaha la serikali lilikuwa likitengeneza bunduki za jeshi ambazo kipande cha moja kinaingia kwenye nyingine. Akajiuliza kwa nini saa isiwe hivyo. Mwaka 1850 yeye, Edward Howard na David Davis, kwa fedha za Samuel Curtis, wakaanza Roxbury, kando ya Boston. Roxbury ilikuwa na vumbi, na vumbi ni adui wa saa. Mwaka 1854 wakahamia Waltham, penye mto na hewa safi. Miaka mitatu baadaye, 1857, kampuni ikafilisika na kunadiwa. Mnunuzi alikuwa Royal Robbins, mfanyabiashara wa saa wa New York, na chini yake kazi ikasimama imara.

Wazo la Dennison lilikuwa kubwa kuliko vyuma alivyokuwa navyo. Mashine za kukereza za miaka ile hazikuweza kutoa ncha za ekseli zinazolingana kwa unene unaotakiwa na saa, ambao ni sehemu ndogo mno ya milimita. Basi walifanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko mashine zao zote. Walipima. Ncha zikapangwa kwa vipimo vyake, vito vikapangwa kwa matundu yake, kisha ncha ikatafutiwa kito kinachoikubali. Vipimo vya kila saa vikaandikwa kwenye daftari chini ya namba ya saa hiyo. Ukiwa mbali, ukavunjikiwa na kipande, unatuma namba Waltham, nao wanafungua daftari na kukutumia kinachoingia.

Hiyo ndiyo kazi ya namba. Ni anwani ya spea. Saa hizi zilifikiriwa tangu mwanzo kwamba siku moja zitatengenezwa na mtu ambaye hakuziunda, katika mji ambao waundaji hawajawahi kuuona. Mimi na mjomba wangu ndio watu hao.

Kadiri miaka ilivyosonga, mashine zikalifikia lile wazo. Ambrose Webster alisukuma vipimo viwe vya namna moja kiwandani kote. Charles Vander Woerd akabuni mashine iliyokata skrubu yenyewe, bila mkono wa mtu kuigusa, skrubu ndogo kiasi kwamba juu ya karatasi nyeupe utazidhania uchafu. Sehemu kubwa ya waliokaa mezani wakipanga, kupima na kuunganisha walikuwa wanawake, na kiwanda chenyewe kilitegemea macho na vidole vyao.

Mwaka 1876 mashine ya skrubu ilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, na Waswisi wakaja kuangalia. Mauzo yao Marekani yalikuwa yameporomoka kutoka karibu faranga milioni 18 mwaka 1872 hadi chini ya milioni 5 mwaka huo. Mjumbe wao mmoja, Edouard Favre-Perret, alimwomba Robbins saa, akachagua mwenyewe moja ya daraja la tano. Alipofika nyumbani Le Locle alimpa fundi mrekebishaji mahiri, ambaye baada ya kuichunguza alimwambia kwamba katika saa elfu hamsini za kwao usingepata moja kama ile. Favre-Perret aliyasema hayo hadharani kwa watengenezaji wenzake La Chaux-de-Fonds, bila kuwapaka mafuta. Mwenzake Jacques David wa Longines akaandika ripoti ndefu juu ya viwanda vya Marekani, na Uswisi ikaanza kununua na kuunda mashine. Saa ya Kiswisi unayoivaa leo mkononi imepita katika aibu ile.

Modeli na daraja

Modeli za Waltham huitwa kwa mwaka. Za ukubwa wa 18 utakutana na 1857, 1877, 1879, 1883 na 1892. Za ukubwa wa 16 ni 1888, 1899 na 1908. Mwaka wa modeli si mwaka wa saa yako. Modeli ya 1883 iliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye. Unachohitaji modeli ni kwa ajili ya spea.

Jina lililochorwa kwa mapambo ni daraja. William Ellery ilikuwa saa ya bei nafuu, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani askari waliinunua kwa wingi. Mauzo hayo yaliinua kiwanda. P. S. Bartlett ni ya kati na ni imara. Appleton, Tracy & Co. iko juu yake. Crescent Street, iliyobeba jina la mtaa wa kiwanda, na Vanguard ni za reli. Riverside ni nzuri, na mimi nikiulizwa ninunue ipi ya ukubwa wa 16 nasema Riverside.

Vito huhesabiwa hivi: saba ni vile vinavyolihudumia gurudumu la mizani, lile linalozunguka huku na huku kupima mwendo wa saa, na uma wake. Ukiona kumi na tano, magurudumu mengine yamewekewa vito pande zote mbili isipokuwa la katikati. Kumi na saba, hata la katikati limepata. Zaidi ya hapo, 21 au 23, mara nyingi idadi imechorwa juu ya mashine. Kwa saa ya kutumia, 15 zinatosha kabisa. Usilipe bei kubwa kwa sababu ya 23 wakati gurudumu la mizani linayumba.

Kama ni ya ufunguo, yaani inajazwa kwa ufunguo badala ya kitufe, basi ni ya zamani zaidi. Modeli ya 1857 ni hivyo. Ni nzuri ya kuhifadhi, ngumu ya kutumia, kwa sababu spea zake za mwanzo hazikuwa na usawa ule niliousimulia, na fundi wako atalazimika kukereza.

Majaribio matano ya mezani

Jaza kidogo, mara chache tu. Tazama gurudumu la mizani kutoka pembeni: likizunguka lazima liwe tambarare. Likipanda na kushuka, ncha ya ekseli imevunjika au imepinda, na hiyo huwa ni saa iliyoangushwa. Sikiliza ikiwa imelala kifudifudi, kisha chali, kisha imesimama. Mlio ukibadilika sana, tatizo ni lile lile.

Angalia uso kwa mwanga wa pembeni. Uso wa enameli ukiwa na nyufa nyembamba kama unywele ni jambo la kawaida. Kipande kilichobanduka hakirudishiki. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, ujue mkono usiofaa ulipita humo, na humo ndani kuna mengine.

Halafu kagua kama ni Waltham kweli. Waswisi wengine wa karne ile walijibu ushindani kwa kuiga: majina yanayokaribia ya Kimarekani, mashine zisizofanana na modeli yoyote ya orodha. Ingiza namba. Ikiwa modeli inayotajwa haifanani na unayoiona, iache.

Ukikuta Ingersoll, ile ya dola moja iliyotoka 1896, au Waterbury ya miaka ya 1880 yenye springi ndefu ya futi tisa, jua ni ukoo mwingine. Hao walitumia mashine kushusha bei mpaka mfanyakazi wa kawaida aimudu, na nawasifu kwa hilo, lakini hazikukusudiwa kudumu. Usimlipe fundi kwa saa hiyo kama unavyomlipa kwa Waltham.

Ukiamua kuitengeneza

Usiondoe skrubu yoyote kabla ya kulegeza springi. Shika kitufe kwa vidole, sogeza kizuizi cha gurudumu la kujazia, acha kitufe kirudi polepole ukikizuia. Springi iliyojazwa ikiachiwa ghafla hung'oa meno ya magurudumu.

Mashine ikitoka kwenye kasha, usishtuke kama kujaza hakufanyi kazi na akrabu zinageuka. Saa nyingi za Kimarekani zisizo na kijiulimi hukaa hivyo zikiwa nje, kwa kuwa kinachosukuma kubadili majira kimo kwenye kasha. Ikirudi ndani itajaa.

Kwenye mashine za miaka ya 1860 hadi 1880 unaweza kuona jina Fogg na mwaka 1865. Hiyo ni pinioni (gurudumu dogo la meno) ya katikati iliyofungwa kwa hesi: springi ikikatika ghafla, badala ya kuvunja meno, pinioni inajifungua. Wengi huikuta imelegea wakadhani imeharibika. Ikaze kwa vidole kabla ya kurudisha bati.

Springi mpya agiza kwa upana na nguvu. Vipimo vya Dennison bado vinatumika kwenye maduka ya vifaa vya saa. Ekseli ya mizani agiza kwa modeli, na kabla ya kuitia, pima ya zamani kwa mikromita, maana baadhi ya modeli zilikuwa na zaidi ya aina moja. Mafuta ni ya saa peke yake. Mafuta ya cherehani, ambayo nimeyakuta ndani ya saa nyingi pale Mombasa, hutambaa, yakaacha ncha kavu na kugeuka gundi.

Ukimaliza, iache saa siku nzima chali ikitembea, uilinganishe na simu. Ikichelewa, sogeza ulimi wa kurekebisha kidogo sana kuelekea herufi F. Ikiwahi, kuelekea S. Ngoja siku nyingine kabla ya kugusa tena.

Ndani ya mfuniko, kwa lenzi, utaona mikwaruzo midogo ya tarehe na alama za mafundi waliokutangulia. Usiongeze yako. Andika kwenye karatasi nyembamba namba ya mashine, modeli, kipimo cha springi na cha ekseli uliyotia, ikunje, iweke chini ya mfuniko. Fundi wa baada yako ataikuta.